Karatasi Moja ya Timu: Namna Kocha, Wachezaji na Wazazi wa Shule ya Sekondari Wanavyoweza Kukubaliana Kabla ya Mechi ya Kwanza

Magomvi mengi ya timu za shule ambayo nimeyaamua, na mengine ambayo niliyasababisha mwenyewe, katika miaka ya kufundisha mpira hapa Mombasa hayakuanzia uwanjani. Yalianzia kwenye jambo ambalo kila upande uliliona wazi kiasi cha kutohitaji kusemwa. Mzazi aliamini kwamba mtoto anayehudhuria mazoezi kila siku sharti apangwe. Kocha aliamini mzazi anajua kwamba nafasi hutolewa kwa kiwango. Na mchezaji, aliyebanwa katikati, aliambiwa mambo mawili yasiyopatana na watu wawili anaowaheshimu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyasema mambo hayo mapema, kuyaandika kwenye karatasi moja, na kuyasimamia muhula mzima. Nimeuandika nikiifikiria timu ya kandanda, ya wavulana au ya wasichana, ila mwenye timu ya vikapu, mpira wa mikono au voliboli hatapata shida kuugeuza.

Hatua ya kwanza: malizana na ofisi

Kabla ya kumwahidi mtu yeyote chochote, kaa na mwalimu mkuu ukiwa na kalenda mkononi. Kwa kawaida muhula wa kwanza huwa ni wa mpira wa vikapu, hoki, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15, ilhali kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7 huchezwa muhula wa pili. Mashindano ya shule za sekondari huanzia ngazi za chini, kisha mshindi wa kaunti ndogo, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu au Likoni, huingia ngazi ya kaunti, na kutoka hapo huenda kanda ya Pwani kukutana na Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Lamu na Tana River. Anayevuka hapo huingia mashindano ya taifa, na wachache hufika yale ya Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba timu hiyo hiyo yaweza kuaga baada ya siku mbili au kukaa mbali na nyumbani kwa wiki nzima, na mzazi anastahili kuyajua yote mawili kabla ya kutia saini.

Toka ofisini ukiwa na majibu ya maswali matatu: nani atalipia usafiri na chakula siku za mechi, mwanafunzi aliyeporomoka masomoni atapumzishwa kwa muda gani na kwa uamuzi wa nani, na neno la mwisho kuhusu kikosi ni la kocha peke yake au la. Swali la tatu wengi huliruka kwa haya. Usiliruke, kwa sababu siku mjumbe wa bodi atakapompigia simu mwalimu mkuu kumwombea nafasi mtoto wa jamaa yake, jibu hilo ndilo litakalokuokoa, au kukuonyesha mapema kwamba hutaokolewa.

Katika kikao hicho hicho hakikisha kila mchezaji ni mwanafunzi halali wa shule, ana cheti cha kuzaliwa, na umri wake haupingani na kanuni za mashindano. Wachezaji mamluki, yaani wale wanaokodishwa kwa ajili ya wiki mbili za mashindano, wamezifanya shule nyingi zipokonywe ushindi. Mimi huongeza sababu nyingine ambayo haimo katika kanuni: kocha anayeingiza mamluki humwibia kwanza mwanafunzi wake mwenyewe, aliyefanya mazoezi tangu Januari akitarajia jezi ile.

Hatua ya pili: kocha ajiandikie masharti yake kwanza

Makocha wengi huanza kwa kuwaandikia wachezaji sheria. Anza na zako. Niliwahi kuchelewa mazoezi siku tatu mfululizo, kisha siku ya nne nikamweka benchi kijana aliyechelewa dakika kumi. Yeye hakusema neno. Nahodha ndiye aliyenijia baada ya mazoezi akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, sheria hii ni ya nani?" Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo karatasi ya timu yangu huanza na wajibu wa kocha.

Andika kwamba utafika uwanjani kabla ya wachezaji na kuondoka baada ya wa mwisho kuondoka. Andika kwamba hutapiga mtu. Hili si suala la hiari: Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya humlinda kila mtoto dhidi ya ukatili na adhabu ya kinyama, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya mwili na hata kumtesa mwanafunzi kiakili. Kocha anayewapigisha watoto magoti kwenye mchanga wa moto saa nane mchana asijidanganye kwamba hajagusa mtu. Hiyo ni adhabu ya mwili iliyobadilishwa jina. Mimi sitoi hata mbio kama adhabu, kwa kuwa sioni busara ya kumfundisha mchezaji kuchukia kitu ambacho nitamwomba akifanye kwa dakika tisini.

Andika pia mipaka ya ukaribu. Kocha hakai na mchezaji peke yao katika chumba kilichofungwa, hampakii peke yake garini, na hamwandikii ujumbe wa faragha usiku. Taarifa zote hupitia kundi ambalo ndani yake yumo mwalimu mwingine na wazazi. Timu ya wasichana isisafiri bila mwalimu wa kike, hata safari iwe ya kuvuka daraja la Nyali tu. Picha za wachezaji zisitundikwe mitandaoni bila ridhaa ya mzazi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahitaji ridhaa hiyo kwa taarifa za mtoto. Baadhi ya wenzangu huyaona masharti haya kuwa matusi kwao. Nijuavyo mimi, ndiyo kinga yao bora siku maneno yatakapoanza kusemwa mtaani.

Hatua ya tatu: wachezaji waandike zao

Wape wachezaji kalamu na nusu saa, wewe ukae kando. Utashangaa jinsi wanavyokuwa wakali kuliko wewe, na mara nyingi kazi yako itakuwa kupunguza makali. Wataanza na kuchelewa, watafuata na wanaotega mazoezi kisha kutokea siku ya mechi, na karibu kila mwaka mmoja atataja wale wanaowacheka wadogo wanapokosea. Hilo la mwisho lishike na ulikuze. Mtoto mgeni katika timu asifanywe mtumwa wa kubeba viatu vya wakubwa wala asibatizwe jina la kumdhalilisha kwa kisingizio cha mila ya timu.

Wakimaliza, ongeza yale wasiyoyafikiria. Mchezaji atakayekosa mazoezi hutoa taarifa kabla ya mazoezi kuanza, hata kama ni kwa kumtuma mwenzake. Hambishii mwamuzi, nahodha pekee ndiye anayezungumza naye, tena kwa utulivu. Hatumii muguka, sigara, wala vidonge na unga wa kujenga misuli unaouzwa mitaani bila maelezo. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli tangu mwaka 2016, na anayepimwa akakutwa na dawa iliyokatazwa haokolewi na kusema kwamba alipewa na rafiki.

Mombasa ina jambo moja ambalo miongozo ya kwingine hailitaji, nalo ni ratiba ya dini. Wachezaji wengi wana madrasa jioni au mwishoni mwa wiki, wengine wana kwaya au ibada Jumamosi au Jumapili. Waulize siku ya kwanza na uandike saa zao. Mazoezi ya saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu humpa Mwislamu nafasi ya kuswali alasiri kabla na kufika nyumbani kabla ya maghribi, na humfikisha kila mtu kwao kabla ya giza, kwani huku kwetu jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Kocha anayepanga mazoezi bila kuuliza, kisha akamwadhibu mtoto aliyekwenda madrasa, amejitafutia ugomvi na mzazi ambao hawezi kuushinda, wala hastahili kuushinda.

Ramadhani iwe na aya yake. Mwezi huo hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, na kwa miaka hii umeangukia muhula wa kwanza, wakati wa joto kali la Kaskazi. Punguza muda na ukali wa mazoezi, yasogeze karibu na maghribi ili anayefunga afike kwenye maji upesi, na usimpunguzie mtu nafasi kwa sababu amefunga. Ikiwa kuna safari ya mashindano, suala la ruhusa ya msafiri kufungua ni la mzazi na mwalimu wake wa dini. Kocha hana neno hapo.

Hatua ya nne: dakika za kucheza

Hapa ndipo penye moto. Ukiwa na muda wa kuandika jambo moja tu kwa makini, andika hili.

Kikosi cha kandanda kina watu 11 uwanjani na huenda ukawa na vijana 25 mazoezini. Hesabu hiyo haina huruma, na hakuna maneno matamu yatakayoigeuza. Kinachowezekana ni kueleza mapema nafasi hutolewaje. Amua kwanza timu yako ni ya aina gani. Timu ya wadogo, wanaoanza, ifuate kanuni ya kila mmoja kucheza sehemu ya kila mechi ya kirafiki. Timu kuu inayoingia mashindano ya kaunti ndogo hupanga kwa kiwango na nidhamu, na hapo usiseme "kila mtu atacheza," kwa sababu si kweli na wazazi watakukumbusha. Ahadi ni deni, na deni la namna hii hulipwa mbele ya watu, pembeni mwa uwanja.

Taja vigezo vyako kwa jina na kwa utaratibu wa uzito wake. Vyangu huwa vinne: mahudhurio, nidhamu, hali ya mwili, na uwezo katika nafasi husika. Mahudhurio nimeyaweka juu ya uwezo kwa makusudi, nami hulieleza hilo wazi. Anayekosa mazoezi mawili kati ya manne ya wiki bila taarifa haanzi mechi, hata awe ndiye mfungaji wetu. Ukiweka sharti hili, ujue kwamba litakujaribu kwenye mechi ngumu kuliko zote. Muhula mmoja lilinijaribu kwenye nusu fainali. Mshambuliaji wetu bora alianzia benchi, tukafungwa, na wiki nzima nilisalimiwa kwa ubaridi hata na muuza madafu wa langoni. Muhula uliofuata mahudhurio yalikuwa kamili, na sikulazimika kulitaja sharti hilo tena. Sisemi kwamba kila kocha angefanya vile. Nasema kwamba kama huko tayari kulitekeleza, usiliandike.

Tofautisha pia kutokuwepo na kutokuwepo. Mtoto aliyebaki nyumbani kumuuguza nyanya yake, au aliyekosa nauli, si mtegaji. Weka kwenye karatasi kwamba anayekosa kwa sababu ya nyumbani anamweleza mwalimu mmoja anayemwamini, na mwalimu huyo humwambia kocha "ana udhuru" bila kueleza zaidi. Wapo watoto ambao wangependa kuitwa wavivu kuliko kusema mbele ya wenzao kwamba leo hakukuwa na nauli ya matatu.

Mwisho wa hatua hii, mpe kila mchezaji dakika tano za faragha iliyo wazi, yaani mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, umwambie alipo: wewe ni wa tatu katika nafasi ya beki wa kulia; ukitaka kupanda, mguu wako wa kushoto na kasi ya kurudi nyuma ndivyo vinavyokuzuia. Mchezaji anayejua alipo huweza kumweleza mzazi wake mwenyewe.

Hatua ya tano: mkutano wa wazazi

Uitishe wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Jumamosi asubuhi hufaa wengi. Ijumaa mchana usijaribu. Alika wazazi na walezi, na uliandike neno "walezi" kwa makusudi, kwa kuwa watoto wengi wanaishi na nyanya, shangazi au kaka mkubwa, na barua iliyoandikiwa "baba na mama" huwafanya wabaki nyumbani. Tuma barua ya karatasi pamoja na ujumbe wa simu. Mkutano usizidi saa moja, uendeshwe kwa Kiswahili, na karatasi ya timu isomwe kwa sauti mstari kwa mstari, kwani wapo watakaotia saini bila kusoma na wapo wasioweza kusoma lakini hawatasema.

Anza kwa kusoma wajibu wa kocha. Wazazi hulegea mabega wanapomsikia kocha akijifunga kwanza. Kisha soma wajibu wa wachezaji, mmoja wao akisoma, na mwisho ule wa wazazi. Kwa mzazi tunaomba machache: mtoto afike amekula na amelala, aletwe au apewe nauli kwa wakati, ugonjwa au jeraha lolote litajwe, na pembeni mwa uwanja mzazi ashangilie bila kufundisha, bila kumtukana mwamuzi na bila kumtaja mtoto wa mwenzake kwa ubaya.

Hilo la kutofundisha halieleweki mpaka utoe mfano. Waambie wazazi wafikirie mtoto anayemsikia kocha akisema "rudi" na baba yake akipaza sauti "panda!" Akimtii kocha, amemwasi baba mbele ya watu, akimtii baba, timu imefungwa goli. Hakuna mtoto anayestahili kuwekwa hapo. Nimeona mchezaji mwenye kipaji akimwomba mama yake kwa upole asiwe anakuja uwanjani, na mama akaja kwangu akilia kuniuliza mwanawe ana aibu gani naye.

Wazazi wa wasichana mara nyingi huwa na maswali wasiyopenda kuyauliza hadharani, hasa kuhusu mavazi. Yajibu kabla hayajaulizwa. Bodi ya sheria za kandanda duniani iliruhusu vifuniko vya kichwa tangu mwaka 2014, na mpira wa vikapu ukafuata mwaka 2017, kwa hiyo msichana anaweza kucheza na hijabu ya michezo iliyobana vizuri, isiyo na pini, pamoja na suruali ya kubana chini ya bukta. Waeleze pia nani atakuwa na binti zao safarini na watalala wapi. Nimewahi kupata wachezaji watatu wapya kwa kulijibu swali hili moja tu.

Kuhusu masomo, usijitetee kupita kiasi. Kwa wanafunzi wa Gredi ya 10, walioanza sekondari pevu ya mtaala mpya mwezi Januari 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya njia tatu rasmi za masomo, hivyo hoja kwamba mpira ni upotevu wa muda imepungua nguvu. Kwa wa Kidato cha Nne, walio katika mtaala wa zamani, hali ni nyingine. Sema wazi kwamba mechi zikiisha muhula wa pili wao wanarudi kwenye vitabu, na usiwatafutie mechi za kirafiki muhula wa tatu.

Hatua ya sita: njia ya malalamiko

Malalamiko yatakuja, kwa hiyo yachimbie mfereji kabla ya mvua. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Mchezaji azungumze na kocha kwanza, mwenyewe au akiwa na nahodha. Asiporidhika, mzazi aombe kikao, lakini si siku ya mechi. Hasira ya jioni ilale. Mzazi apige simu kesho yake baada ya masomo. Bado asiporidhika, aende kwa mwalimu msimamizi wa michezo, kisha kwa naibu wa mwalimu mkuu, na hapo ndipo afike kwa mwalimu mkuu. Kundi la WhatsApp si mahali pa malalamiko. Ni la saa, mahali na mabadiliko ya ratiba, basi.

Eleza pia yanayozungumzika. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anatendewaje, anaendeleaje, na afanye nini ili apate nafasi. Mtoto wa mwingine hajadiliwi. Mzazi akija akisema, "Mwalimu, mbona mtoto wa fulani anacheza na wangu ana nguvu kuliko yeye?" jibu lifaalo ni fupi: "Mama, huyo ana mzazi wake. Tuzungumze kuhusu wako, nami nitakueleza kila kitu." Wengi hukubali. Asiyekubali mpe chai, msikilize mpaka amalize, kisha urudie sentensi ile ile.

Utaratibu huu una tundu moja ambalo lazima liachwe wazi na lisomwe kwa sauti kubwa kuliko yote. Kupigwa, kuguswa vibaya, kutongozwa, au kutishwa na mtu mzima yeyote wa timu hakufuati ngazi. Mtoto au mzazi aende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi ya watoto, kwa polisi, au apige 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Kocha anayeona aibu kulisoma hili mbele ya wazazi ampe mwalimu mwingine alisome, lakini lisomwe.

Hatua ya saba: afya na safari

Kila mchezaji awe na fomu moja ya afya: pumu, kifafa, selimundu, mzio wa dawa, na nambari mbili za simu za nyumbani. Nambari moja haitoshi, kwa sababu siku ya shida ndiyo siku simu huzimika. Fomu hizo zisafiri na timu ndani ya bahasha iliyofungwa. Hazifai kitu zikiwa kabatini shuleni huku mtoto amelala uwanjani Kwale.

Joto la Mombasa huja na unyevu, na jasho lisipokauka mwili haupoi. FIFA hutoa mapumziko ya maji pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapofika nyuzi 32. Sisi hatuna kifaa hicho, kwa hiyo fanya iwe desturi: mapumziko ya maji katikati ya kila kipindi, na kila mchezaji aje na chupa yake. Mchezaji anayeanza kuyumba, kuongea ovyo au kutapika kwenye jua hana uvivu. Mpeleke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea mara moja, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Kumpooza kwanza ndiko kunakookoa.

Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache, au akachanganyikiwa, kuumwa kichwa au kuona maruerue, hatarudi uwanjani siku hiyo. Si kocha, si mzazi, si mchezaji mwenyewe mwenye ruhusa ya kubatilisha hili, na liandikwe hivyo hivyo. Usiku huo asiachwe peke yake, na kurudi mazoezini kuwe kwa hatua baada ya kuonwa na daktari. Kifundo kilichoteguka ni jambo dogo zaidi: barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mguu uinuliwe, na asiyeweza kukanyaga hatua nne akapigwe picha.

Kuhusu safari, andika saa ya kuondoka na saa ya kurudi, na mahali watoto watakaposhukia. Timu inayovuka Likoni iongeze saa nzima kwa ajili ya feri, maana foleni ya magari haijui kuna fainali. Wakati mwingine ni heri watoto washuke wavuke kwa miguu, ambako hakulipishwi, wakiwa na mwalimu mbele na mwingine nyuma, na gari la upande wa pili liwasubiri. Hakuna mchezaji anayekabidhiwa kwa boda boda usiku bila mzazi kusema kwa simu kwamba anaijua boda boda hiyo.

Hatua ya nane: karatasi yenyewe

Karatasi iwe ya ukurasa mmoja. Ikizidi hapo haitasomwa. Lugha iwe nyepesi na ya moja kwa moja, kwa mfano:

"Mimi kocha nitafika kabla yenu, sitampiga wala kumtukana mchezaji, nitamweleza kila mmoja sababu ya kupangwa au kutopangwa anaponiuliza, na nitawarudisha nyumbani kwa saa niliyoandika. Mimi mchezaji nitafika kwa wakati, nitatoa taarifa nikikosa, nitaheshimu mwamuzi, mpinzani na mwenzangu, na nitasema nikiumia. Mimi mzazi nitamwandaa mtoto wangu, nitashangilia bila kufundisha, nitaleta malalamiko kesho yake kwa njia tuliyokubaliana, na najua kwamba kuwa katika timu si ahadi ya kucheza kila mechi."

Chini yake ziwepo saini tatu na tarehe. Toa nakala mbili, moja ya nyumbani na moja ya faili. Mzazi ambaye hakuja mkutanoni asitumiwe karatasi kwa mkono wa mtoto. Mpigie simu, msomee, kisha ndipo umtumie. Kazi hii inachosha, nami kila mwaka huwa na watano au sita wa namna hiyo, lakini ni mara chache ugomvi wa muhula ulipotoka kwa mtu aliyekuwa mkutanoni.

Baada ya mechi ya tatu, keti na nahodha, mwalimu msimamizi na mzazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mpitie karatasi hiyo na kuuliza ni sharti gani limevunjwa na nani, pamoja na kocha. Sharti ambalo halitekelezeki lifutwe, na wazazi waarifiwe kwamba limefutwa. Msimu ukiisha, jezi zikusanywe zikiwa zimefuliwa, zihesabiwe mbele ya nahodha, na anayepoteza alipe au aitafute. Jezi nambari 10 ndiyo hupotea kila mwaka, kwa hiyo anza na hiyo.